Nimemfanya kaka yangu kazi ya darasani

Shangazi, shikamoo.

Naomba usitaje jina langu, Moshi ni mji mdogo. Mimi ni msichana wa miaka 23, nipo mwaka wa tatu, nasomea ustawi wa jamii kwenye chuo kimoja hapa mjini. Nyumbani ni Kibosho. Tumezaliwa watatu, mimi ndiye kitinda mimba.

Muhula huu tumeanza somo la afua, yaani hatua za kumsaidia mtu, kwa matatizo ya pombe na dawa nyingine za kulevya. Shangazi, sijawahi kupenda somo kama hili. Kila mhadhiri akifungua slaidi naona nyumbani kwetu, kwa sababu kaka yetu mkubwa anakunywa. Ana miaka 34, ni fundi pikipiki mzuri sana. Mbege alishaiacha, anasema inajaza tumbo bure. Sasa ni gongo. Asubuhi hawezi kushika spana mpaka azimue. Nimemwona kwa macho yangu ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili na bado chai inamwagikia. Mkewe aliondoka na mtoto mwaka jana.

Tulipewa kazi: fanya tathmini ya mtu mmoja kwa dodoso la AUDIT, lile la maswali 10 la Shirika la Afya Duniani la kupima unywaji wa pombe, halafu andika mpango wa afua. Wenzangu walishuka stendi kuhoji bodaboda. Mimi nikaona nisiende mbali. Nikakaa bwenini nikamjazia kaka, swali baada ya swali, kwa ninayoyajua na mengine nikamuuliza mama kwa simu. Yeye hakujua lolote. Jina sikuweka, niliandika "Mteja K., mwanaume, 34, fundi pikipiki, ametengana na mke". Alipata alama 27 kati ya 40. Mimi nilipata A, na mhadhiri akaisoma kazi yangu mbele ya darasa kama mfano.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda nyumbani. Kaka akafungua begi langu kutafuta chaja, akaikuta. Imeandikwa Kiingereza, lakini kaka alimaliza kidato cha nne, na namba 27 haihitaji kamusi. Alisoma kurasa zote akiwa amesimama. Akaniambia, "Kumbe mimi ni mteja wako. Sasa mbona sijakulipa?" Akachukua koti akatoka. Tangu siku hiyo analala gereji na simu zangu hapokei.

Mama anasema mimi ndiye niliyemfukuza mwanawe. Mama huyu huyu, tangu nianze somo, ananiita "daktari wa walevi" mbele ya wageni na kuniuliza nitamtibu lini. Sasa wamepanga wakimpata wamfungie chumba cha nyuma wiki mbili mpaka pombe imtoke yote, na kufuli limeshanunuliwa. Baba mdogo wa Arusha yeye anasema tuchange nauli apelekwe Dar es Salaam akanywe ile dawa wanayopewa mateja Muhimbili. Jirani kaleta unga wa kumwekea kwenye chai.

Mwezi ujao tunachagua eneo la kubobea na mahali pa mafunzo kwa vitendo. Nilishaamua ni hili, sasa najiona mnafiki. Kama nimeshindwa na kaka yangu wa tumbo moja, nitamsaidia nani? Nibadilishe? Na kaka nimfanyeje?

Kitinda mimba, Moshi

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na kufuli, maana mengine yanaweza kusubiri hata wiki. Ukimaliza kusoma hapa mpigie mama simu, umwambie chumba cha nyuma hapana.

Pombe hutuliza ubongo. Ubongo unaotulizwa kila siku kwa miaka nao hujiongezea kasi ili usizimike. Siku pombe inapokatwa ghafla, ile kasi inabaki peke yake, haina wa kuishika. Ndani ya saa 6 mpaka 24 mtu anatetemeka, anatoa jasho, anatapika, halali. Degedege linaweza kumpiga katika siku 2 za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne baadhi yao huchanganyikiwa, homa ikapanda, moyo ukaenda mbio, na wapo wanaokufa. Si kila mlevi atafika huko, lakini yule ambaye mkono wake hautulii mpaka azimue ndiye wa kuogopewa. Umeandika mwenyewe habari za kikombe cha chai. Ile ndiyo dalili, na ninyi mnataka kuifungia kwa nje.

Nilikuwa muuguzi wodi ya majeruhi kabla sijawa shangazi wa watu wote. Tuliletewa mwanaume aliyevunjika mguu kwa ajali ya pikipiki, mtu mpole, mcheshi. Usiku wa tatu nikamkuta ameketi kitandani anaokota siafu kwenye shuka, mmoja mmoja kwa vidole viwili, anawaweka ndani ya kikombe cha plastiki na kukifunika kwa kiganja wasitoke. Shuka lilikuwa jeupe, halina kitu. Tulimpima malaria, hana. Mkewe akaomba amlete mchungaji. Ni daktari wa zamu aliyemuuliza yule mke swali ambalo sisi wote hatukuliuliza siku tunampokea: huyu anakunywa nini, na mara ya mwisho ilikuwa lini? Akapewa diazepam, dozi ikawa inashushwa kidogo kidogo, akapewa na vitamini B1 kabla ya dripu ya glukosi, na siafu wakaondoka. Dawa hizo zina watu wake na vipimo vyake, hazinunuliwi duka la dawa mtaani zikaenda kutolewa kwenye chumba cha nyuma Kibosho.

Nimekisimulia kisa hiki pia kwa sababu ya somo lako. Swali lile tulilosahau sisi, siku hizi limepewa nafasi yake. Pale KCMC, hospitali ya rufaa ya hapo Moshi, watafiti wa hapo pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani waliliweka dodoso la AUDIT katika Kiswahili na kulijaribu kwa majeruhi wa idara ya dharura. Kisha wakatengeneza mazungumzo mafupi anayoyaendesha muuguzi na majeruhi anayekunywa kupita kiasi, na baadaye ujumbe wa simu wa kumkumbusha. Wameyaita Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Kwa hiyo usidhani unachosoma ni mambo ya vitabu vya Ulaya. Unaweza kupanda daladala ukashuka mahali yanapofanyika.

Baba mdogo ana nia njema, ila amechanganya dawa. Anayoisikia ni methadoni. Madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander waliandika habari zake huko New York mwaka 1965, na Muhimbili walianza kuitoa mwaka 2011. Ni ya waraibu wa heroini na jamaa zake. Inakaa palepale mwilini heroini inapokaa, ndiyo maana arosto, yale mateso ya kuikosa, inatulia na mtu anaweza kwenda kazini. Gongo haikai hapo. Mkimpeleka kaka yako Dar es Salaam mtakuwa mmempeleka kutembea.

Dawa za kumsaidia mtu aache pombe zipo, naltrekzoni ni mojawapo, na nyingine ni disulfiramu, ambayo uwezo wake uligunduliwa Denmark katika miaka ya 1940. Hii ya pili nakutajia kwa sababu ya ule unga wa jirani. Disulfiramu huzuia mwili usimalize kuivunja pombe, sumu ya katikati inajaa, mtu akinywa anawaka uso, anatapika, moyo unadunda, presha inaweza kuanguka. Ndiyo maana anayeitumia lazima ajue anaitumia na awe amekubali. Sasa mtu akikuletea unga usio na jina, kwenye karatasi ya daftari, umwekee mgonjwa kwa siri, hujui kama ni hiyo, au ni mizizi, au ni unga wa muhogo. Mshukuru jirani, kisha umwage chooni.

Haya, tuje kwenye karatasi.

Umeniomba nisitaje jina lako kwa sababu Moshi ni mji mdogo. Kaka yako hakupata nafasi ya kuomba hivyo. Fundi pikipiki wa miaka 34 aliyeachwa na mke, tena mwandishi wa kazi ni msichana wa Kibosho anayejulikana darasani: hapo hujaficha kitu. Ni kama kujificha nyuma ya mgomba ukaacha miguu nje.

Lakini kinachonisumbua zaidi ni namna ulivyolijaza. Lile dodoso linajibiwa na mnywaji. Swali la 7 linauliza ni mara ngapi katika mwaka uliopita amejisikia hatia au majuto baada ya kunywa. Uliandika nini hapo? Mama kwa simu alijuaje? Swali la 2 linauliza anakunywa vinywaji vingapi kwa siku moja ya kunywa, na kinywaji kimoja kwa hesabu zao ni kama gramu 10 za pombe halisi. Bia inaandikwa kiwango chake kwenye chupa. Kata ya mbege ya leo na ya kesho hazilingani, na gongo ndiyo kabisa, haina lebo wala bwana afya. (Watoto wa mjini hamjui: sheria ya mwaka 1966 inayopiga marufuku utengenezaji wa gongo inaiita gongo hiyo "moshi". Wenye mji tumekaa kimya.) Kumuuliza mtu taratibu ni glasi ipi, ananunua kwa shilingi ngapi, wanakunywa wangapi, ndiyo kazi yenyewe. Wewe uliiruka kazi ukaandika jibu.

Tena tuseme 27 ni sahihi. Mwongozo wa dodoso unasema kuanzia 8 mtu yupo kwenye unywaji wa hatari, na kuanzia 20 apelekwe kwa mtaalamu akachunguzwe vizuri kama ana utegemezi. Basi. Jibu la 27 lilikuwa rufaa. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu hakutakiwa kumwandikia mtu wa 27 mpango mzima wa afua akiwa bwenini, na mhadhiri aliyeisifu alitakiwa kuuliza ridhaa ya mteja iko wapi.

Nenda kwake mhadhiri. Usitume ujumbe, nenda. Mwambie Mteja K. ni kaka yangu, hakuhojiwa, hakukubali, naomba kazi hii iondolewe kwenye mifano na nifanye nyingine. Inawezekana ukaipoteza hiyo A. Mimi nisingeilinda.

Sasa unaniuliza ubadilishe eneo la kubobea. Sababu unayotoa ni kwamba umeshindwa na kaka yako. Hujashindwa, mwanangu, kwa sababu hujamhudumia hata siku moja. Ulimwandika tu. Na hata ungekuwa umehitimu, usingekuwa wa kumhudumia. Muuguzi mwenye akili akiletewa mamaye kitandani anamwita mwenzake. Mimi nimewahi kujifanya shujaa nikamchoma sindano baba yangu mzazi, mkono ulitetemeka kama wa kaka yako.

Bobea humo humo, ila nina masharti yangu. Mafunzo kwa vitendo yafanyie mbali na Moshi. Nenda Dar es Salaam ukaone kliniki ya methadoni inavyofanya kazi, mtu anakuja kila siku kunywa dozi yake mbele ya mtoa huduma. Au omba nafasi kwenye soba, zile nyumba wanakokaa watu wanaoacha ulevi. Utoke kidogo kwenye gongo, kwa sababu jina la somo lako lina "dawa nyingine" na hata mkoani kwetu Same wana mirungi yao, kule Arumeru upande wa Kisimiri wana bangi, na kila moja ina wateja wake na maarosto yake. Na mwambie msimamizi wako tangu siku ya kwanza kwamba nyumbani una mnywaji. Wengi walioingia fani hii wana wao nyumbani. Wasiosema ndio wanaojikuta wanamfokea mteja wa watu maneno waliyotaka kumwambia baba.

Kuna utafiti utakutana nao ukiendelea, huwa naupenda. Mwaka 1977 Griffith Edwards na wenzake wa London walichapisha habari za wanaume 100 wenye ndoa waliokuja kutibiwa ulevi. Nusu walipewa matibabu kamili ya wakati ule. Nusu nyingine walipewa kikao kimoja cha ushauri, mume na mke wakiwa wamekaa pamoja, wakaambiwa jukumu ni lao. Mwaka ulipopita makundi mawili hayakutofautiana sana. Wataalamu walikasirika, naelewa kwa nini. Wanafunzi wengine wanausoma wanasema basi matibabu hayafai, nao wamekosea, kwa sababu hata wale wa kikao kimoja walichunguzwa kwa makini kwanza, wao na wake zao, na nyumba zao zikafuatiliwa mwaka mzima. Mimi ninachokiona pale ni watu walioongeleshwa kama wenye nyumba. Miaka sita baadaye William Miller, Mmarekani, akaandika kwamba ukimbana mnywaji kwa hoja atajitetea, na kadiri anavyojitetea anajishawishi mwenyewe aendelee. Angalia nyumbani kwenu. Mama anasema "utakufa", kaka anajibu "mbona mzee fulani ana miaka 80 na anakunywa". Amefundishwa na nani hoja hiyo? Ninyi, kwa kumpa zamu ya kuijibu kila siku.

Kwa hiyo mama naye ana lake la kujifunza. Kuna afua ya familia za wanywaji inayojulikana kwa jina la CRAFT, ya Robert Meyers. Mtafute mhadhiri akupe maelezo yake. Kwa kifupi, familia inaacha kuhubiri na inaacha kufunika madhara, inaweka nguvu kwenye zile saa ambazo mtu hajanywa. Kaka akija hajalewa, kuna ndizi za moto na mtu wa kuzungumza naye habari za injini. Akija amelewa, hakuna ugomvi na hakuna karamu, chakula chake kimefunikwa. Mama atasema hayo ni kumbembeleza mlevi. Mwache aseme, kisha mwombe ajaribu mwezi mmoja.

Sasa wewe na kaka. Nenda gereji. Usiende jioni, na usiende alfajiri kabla hajazimua, atakuwa anaumwa. Saa nne asubuhi ni muda mzuri, mkono umetulia na kichwa bado kipo. Nenda na jani la sale. Kizazi chenu mnaliona la kupandia mpaka wa kihamba tu, lakini unajua linavyopokelewa likiletwa kwa ajili ya msamaha, na taratibu zake mama anazijua kuliko mimi. Mbinu za darasani ziache kwenye daladala. Usimuulize maswali ya wazi, usimrudishie maneno yake kama kwenye mazoezi ya chuo, atakunusa mara moja. Mwambie ulichofanya: nilikuandika bila kukuuliza, nikasomewa mbele ya watu, nimekwenda kuiondoa. Ukimaliza, nyamaza. Akitukana, pokea. Akiendelea kufunga boliti bila kukujibu, kaa kwenye ndoo ya oili iliyogeuzwa, umpe spana akinyoosha mkono.

Habari ya kunywa usiianzishe wewe. Anaweza asiitaje siku hiyo, wala mwezi huo. Ila nakufahamu, una haraka, kwa hiyo nakupa na hili: mwachie ile karatasi. Usiichane wala usiifiche tena kwenye begi, yaliyomo ni habari zake, ni mali yake. Siku atakapokuuliza "hivi hii 27 ndiyo nini?", mjibu kwa sentensi mbili, na ya tatu iwe kwamba mkono unaotetemeka asubuhi hautakiwi kuachishwa pombe nyumbani, na akitaka kwenda hospitali, hata kama ni kuuliza tu, mtakwenda wote na utakaa nje kwenye benchi.